Waite Walio Katika Chombo cha Pili

Maandiko: Luka 5:1-7, Yohana 17:20-23, 1 Petro 3:15-16



Ukifungua Luka 5 utamkuta Petro amechoka. Amevua usiku kucha na hakupata kitu. Yesu anamwambia ashushe nyavu, anashusha, na samaki wanajaa mpaka nyavu zinaanza kukatika. Sasa hebu angalia Petro anafanya nini. Huyu ni mfanyabiashara mwenye hasara ya usiku mzima. Angeweza kunyamaza avute peke yake, samaki wawe wake na sifa ziwe zake. Lakini anawapungia mkono wenzake walio katika chombo cha pili waje wamsaidie. Wakaja, na vyombo vyote viwili vikajaa. Petro angeona wivu siku hiyo, nyavu zingepasuka na samaki wangerudi ziwani.

Neno hili ni letu hapa Ayany. Wengi wenu mnaniuliza: Pastor, mbona hatuendi kuwahubiria majirani zetu Waislamu? Swali ni zuri. Injili ni ya watu wote, na Yesu hakutuambia turuke nyumba fulani. Lakini kabla hatujaamua tutawaambia nini, tujiulize wameshaona nini kwetu.

Kumbukeni, wao si wageni hapa. Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan, wakakaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita kukiwa msitu. Hata jina Kibra ni la lugha yao. Mwaka 2017 serikali iliwapa hati ya ekari 288 hapa Kibra, baada ya kungoja karibu miaka mia. Walikuwa hapa kabla kanisa letu halijapigwa bati la kwanza, na wametutazama muda mrefu.

Wanaona nini? Tembea kutoka hapa mpaka Makina Jumapili asubuhi. Kanisa kwa kanisa, spika kwa spika. Mama Mwislamu akiwa jikoni kwake anasikia mahubiri matatu kwa wakati mmoja na haelewi hata moja. Halafu mhubiri mmoja anashika maikrofoni anasema lile kanisa la ng'ambo ya barabara limepotoka. Sasa huyo mama aje kwa Yesu yupi? Wa upande huu au wa upande ule?

Ndiyo maana katika Yohana 17 Yesu aliomba tuwe na umoja, akasema na sababu: ulimwengu upate kuamini kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Umoja wetu ni sehemu ya ushuhuda wenyewe. Tukigawanyika, tumempa jirani sababu ya kutosadiki.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwezi wa Juni 1913, hapo Kikuyu, safari fupi tu ya matatu, wamishenari Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana. Walikuwa wanaona Uislamu unaenea bara, na wao kila mmoja ana kaeneo kake. Wakapanga kuungana katika kazi, na mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Moto ukawaka! Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wenzake wawili, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, kwamba wamezusha mafundisho ya uongo. Mabishano yakafika mpaka Uingereza.

Tusimhukumu Weston haraka. Alihofia kwamba watu wakiharakisha kuungana wataficha ukweli, na hofu hiyo ina maana hata leo. Sisi tunaamini ubatizo wa maji mengi na kujazwa Roho, na hatutaacha kufundisha. Lakini tazama hasara: meza ya Bwana yenyewe ikawa ndiyo kesi. Ule muungano waliouota haukutimia. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1918 ukaja ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti, na mwaka 1926 Alliance High School ikafunguliwa pale pale Kikuyu. Hawakukubaliana kila kitu, lakini walijenga pamoja.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache kuibiana kondoo. Mtu akihama kanisa la jirani kuja kwetu tunapiga makofi na kusema kanisa limekua. Tuliosoma biashara tunajua: kutoa pesa mfuko wa kulia na kuiweka wa kushoto si faida. Mbinguni hesabu ni ile ile.

Pili, tuwaheshimu tunaowashuhudia. Petro anasema tujibu kwa upole na heshima. Kutukana Mtume wao kwa spika si injili. Kumpa mtu mwenye njaa unga kwa sharti aje kanisani si injili, hiyo ni rushwa. Na kumbukeni Desemba 2015, Al-Shabaab waliposimamisha basi kule Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafa Januari 2016. Mtu akikukinga hivyo, utaongeaje naye kwa dharau?

Tatu, na hapa ndipo nyavu hukatika. Kijana wa nyumba ya Kiislamu akiokoka, anaweza kukosa mahali pa kulala usiku huo huo. Sisi tunafanyaje? Jumapili ya kwanza tunampa maikrofoni. Ya pili kanisa lingine linamwalika. Kila mtu anataka ushuhuda wake. Mwezi wa tatu kodi imemshinda, na hakuna anayeshika simu yake. Wapendwa, huyo ni mtoto mchanga wa kiroho, si tangazo! Anahitaji chumba, kazi, mtu wa kumfundisha Neno polepole, na wa kumsaidia aendelee kumheshimu mama yake. Kanisa moja la mabati haliwezi yote hayo. Hili lina chumba, lile lina fundi wa kumfunza kazi, lingine lina mzee mwenye hekima. Piga simu. Waite wenzako wa chombo cha pili.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:
1. Ni kanisa gani la jirani umelisema vibaya mbele ya watu? Utarekebisha vipi?
2. Unamjua jirani yako Mwislamu kwa jina? Mara ya mwisho ulimjulia hali lini?
3. Akiokoka mtu leo na kufukuzwa nyumbani, kikundi chenu kitamlaza wapi?

Tuombe: Bwana Yesu, utuondolee wivu wa samaki. Utupe macho ya kuona chombo cha pili na mkono wa kuwapungia wenzetu. Majirani zetu wa Makina wakuone wewe ndani yetu. Amina.