Kabla ya Kuanza Kazi

Mwaka 1996 nilikuwa karani mjini Moshi, nikiandaa malipo ya wakulima wa kahawa kwa kompyuta kuukuu. Kila ilipowashwa, kabla ya kupokea kazi yoyote, mashine ile ilijikagua: iliandika tarakimu katika kila sehemu ya kumbukumbu yake, kisha ikazisoma tena kuona kama zimebaki vilevile. Mimi nilibonyeza kitufe cha Esc nikauruka ukaguzi huo, maana watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Siku moja akaja mzee wa Kibosho na hesabu yake aliyoiandika kwa penseli. "Mwanangu, hapa pamepungua," akasema. Nikamjibu, "Mzee wangu, kompyuta haikosei." Akaondoka kimya.

Jioni nilihesabu kwa mkono. Zilipungua shilingi 4,096 kamili. Fundi alipoisikia tarakimu hiyo alitabasamu. Kompyuta huhesabu kwa mbili: 2, 4, 8, 16, na kuendelea hadi 4,096. Swichi moja tu, kati ya mamilioni, ilikuwa imekufa. Alichomoa kibao chenye swichi hiyo, na mashine ikaendelea na kumbukumbu iliyobaki, polepole lakini kwa usahihi. Siku hizi mfumo wa Linux, ukiagizwa, huweza kuipima kumbukumbu mapema wakati mashine inawaka, ukazitenga sehemu mbovu ili programu yoyote isizitumie.

Je, ni haki kuendelea na kazi hali unajua una kasoro? Wazee wa mlimani walishajibu. Kabla ya kufungulia maji ya mfongo, huupitia kwanza. Penye tundu huziba. Pasipozibika huyachepusha maji. Hakuna anayeulaumu mfongo kwa kutoboka. Hulaumiwa aliyeliona tundu akapita.

Nami naona hivyo. Kasoro haikuwa kosa langu, wala la mashine. Kosa langu lilikuwa kile kitufe, na lile jibu nililompa mtu mzima. Mwenye kujua ubovu wake akauwekea mpaka anaweza kuaminiwa kuliko anayejidhani mzima.

Jumapili nilipanda Kibosho na fedha zake. Mzee alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye leso, akaniuliza swali moja:

"Na wenzangu, je?"

Jumatatu nilianza upya, kwa mkono, kutoka jina la kwanza.