*RAMADHANI, SIKU YA 12: MUONESHE SOKO*



Abdurrahman bin Auf (r.a.) alihamia Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii (r.a.) akataka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, ila akaomba aoneshwe soko tu. Akaenda, akarudi na faida ya samli na jibini.

Vijana wetu hapa Mpanda wanauza asali ya Inyonga, mchele wa Mpimbwe, tambi za futari. Sisi tunawakopa kwa sababu "ni mtoto wetu huyu", halafu pesa taslimu tunampelekea mwingine. Jamani, hiyo ni dhulma.

Leo kabla ya magharibi, mlipe mmoja deni lake. Bidhaa yake ikiwa nzuri, mtaje kwa watu watatu.

Wabillahi tawfiq.