Ushuhuda wa Jamaa na Dhima ya Mtoto

Waislamu wengi wakaao Uingereza, wakiwamo ndugu zetu waliotoka Afrika ya Mashariki, hukutwa na swali hili: mzazi amedhoofika kwa uzee, hawezi kuachwa peke yake usiku wala mchana, na mtoto hana budi kwenda kazini. Zipo nyumba ndogo za kutunzia wazee, zenye watu watano au kumi, na kila nyumba yasifiwa na jamaa za waliokaa humo. Je, sifa hizo zina uzito gani? Na mwenye kuzitegemea, amekwisha timiza faradhi yake?

Kurani Tukufu (17:24-25) imeweka wema kwa wazazi mara baada ya kumwabudu Mungu Mmoja, na imetaja hasa uzee wao. Wala faradhi hii haiondoki mzazi asipokuwa Mwislamu. Aliyesilimu naye ameamriwa kukaa na wazazi wake kwa wema (31:16). Kwa hiyo kumpeleka mzazi popote kwa kumkimbia ni dhambi, nyumba iwe nzuri namna gani. Lakini aliyeshindwa kweli, akatafuta mikono yenye ujuzi kuliko yake, huyo hakimbii. Yampasa tu atafute kwa uadilifu.

Kurani (49:7) yatuamuru kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika. Huenda mtu akasema: "Jamaa hawa si waongo." Ni kweli; lakini wanazuoni wa Hadithi hawakutosheka na ukweli wa msimulizi. Walitazama pia nguvu ya kumbukumbu yake, na kama alikutana hasa na yule aliyepokea habari kwake. Tena imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Hadhrat Umar r.a., naye akamwuliza: Je, wewe ni jirani yake? Umeamiliana naye kwa fedha? Umesafiri naye? Alipokana yote, Hadhrat Umar alimwambia kwamba hamjui mtu huyo.

Basi na tuwapime mashahidi wetu hivyo hivyo. Kwanza, shahidi aliona nini? Ajaye Jumapili alasiri huona sebule safi. Haoni saa tisa za usiku, mzee anapoita apelekwe chooni. Asifuye chakula hakuuliza kama ni halali, wala kama yupo wa kumletea mzee maji ya udhu. Tena aliona lini? Nyumba ndogo ina watumishi wachache. Wawili wakiondoka, nyumba imekuwa nyingine ingawa jina ni lile lile.

Pili, moyo wake una hali gani? Mtoto mwenye kuona haya kwa kumwacha mzazi hupenda kuamini kwamba amemwacha mahali pema. Aliyefiwa huenda akawatupia watunzaji uchungu wake. Na ambaye mzazi wake angali humo huenda akaogopa kusema.

Tatu, nani hakusema? Mzee asiye na jamaa hana wa kumwandikia sifa wala lawama. Na barua zikiwa tatu au nne tu, mwenye nyumba aweza kuonyesha zile zimpendezazo. Ndiyo maana lawama moja yenye saa na tukio yaweza kuwa nzito kuliko sifa kumi zisemazo tu kwamba watu wale ni wema.

Huko Uingereza, tangu 2009, tume iitwayo Care Quality Commission hukagua nyumba hizo na kutangaza taarifa zake. Zisomwe, na tarehe itazamwe. Kwani mkaguzi naye ni shahidi wa siku alizokuja.

Ndugu msomaji, ushuhuda wa wengine waweza kukuonyesha mlango, lakini hauwezi kukubebea dhima. Nenda mwenyewe, wakati wa chakula na jioni. Na mzazi akiisha kuingia, usiache kwenda. Ndipo nawe utakuwa shahidi. Utakapoulizwa na mwingine, sema kweli kwa ajili ya Mungu, hata ikiwa juu ya nafsi yako (4:136), kwani mzazi wa mtu atalazwa kwa neno lako.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwahurumia wazazi wetu kama walivyotulea utotoni. Amin.