Mwenye Mzigo Apishwe

Je, mtu akizunguka kutwa na kurudi alikoanzia, amesafiri? Njia ya Congo Nile ina kilomita 227, kutoka Rubavu hadi hapa Rusizi. Mimi hutembea kipande tu: asubuhi natoka Kamembe, napanda vilima vilivyo juu ya Ziwa Kivu, jioni nimerudi. Wapo wasemao huo ni uvivu. Siafiki, safari hupimwa pia kwa watu uliokutana nao. Nao wengi ni wakulima na wachuuzi waendao sokoni kwa haja, si kwa matembezi. Nyayo zao ndizo zilizofungua vijia hivi. Basi anayetembea kwa raha ana deni: akikutana na mwenye mzigo kichwani, yeye ndiye apishe.