Jaza tangi Eagle Plains



Najua wengi wenu mnapenda zile video za watu wanaosafiri na gari-nyumba: gari kubwa lenye kitanda, jiko, friji na choo humohumo ndani. Wanaamka kando ya ziwa, wanachemsha kahawa, maisha yanasonga. Leo tuwafuate mpaka kule ambako video zenyewe zinajaa vumbi, kwenye barabara ya Dempster, kaskazini kabisa mwa Kanada.

Dempster inaanzia karibu na Dawson City, eneo la Yukon, na inapanda hadi Inuvik, kupita Mstari wa Aktiki. Ni kama kilomita 740, na karibu yote ni changarawe. Tangu 2017 unaweza kuendelea mpaka Tuktoyaktuk, ufukweni mwa Bahari ya Aktiki. Mito miwili mikubwa unaivuka kwa kivuko wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi unapita juu ya barafu. Mtandao wa simu sehemu kubwa ya njia haupo, kwa hiyo hata kupost huwezi.

Na mafuta? Ukishaianza barabara, sheli ya kwanza iko Eagle Plains, kilomita ya 369. Inayofuata ni Fort McPherson, karibu kilomita 180 mbele. Ndiyo maana dereva mwenye akili akifika Eagle Plains hata haangalii geji inasemaje. Tangi liko nusu? Anajaza. Anayemwambia ajaze ni umbali uliobaki.

Hapo namkumbuka nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Amemkimbia Yezebeli, amelala chini ya mti jangwani, anaomba afe. Hajaomba chakula. Malaika anamgusa, anakuta mkate na maji, anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: amka, ule. Ameshakula, jamani! Lakini sababu anayoitoa malaika ni kwamba safari iliyo mbele ni ndefu mno kwake. Wala hamuulizi kama anasikia njaa. Na kweli, Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu kwa nguvu ya chakula kile. Kanisa linatusomea habari hii Dominika ya 19 ya Mwaka B, pamoja na Injili ya Yohane kuhusu mkate wa uzima. Nafikiri mmeshaelewa kwa nini.

Sasa sisi tunasemaje? "Misa hainigusi siku hizi." "Nikijisikia vibaya nitaenda kuungama." Tunaangalia geji. Umehamia mji mwingine kwa ajili ya chuo au kazi, huna anayekuuliza Jumapili ulikuwa wapi, na unajiona uko sawa. Huenda kweli uko sawa! Ila hujui kilomita ngapi zimebaki kabla ya simu ya msiba saa nane usiku, au kabla ya siku ile utakapotamani, kama Eliya, usiamke tena. Usiku kama huo mtu hutembea kwa alichokula zamani. (Na kama uko kwenye usiku huo sasa hivi, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo: mzazi, rafiki, padre, daktari. Eliya naye aliguswa na mwingine.)

Kuna jambo jingine kuhusu gari-nyumba ambalo video huwa zinaliruka. Lina tangi la maji safi na matangi ya maji machafu, likiwemo la choo. Hilo la choo halijimwagi lenyewe, na kulimwaga porini ni kosa. Lazima ufike kituo chake, uvae glavu, uunganishe bomba, ufungue. Hakuna anayependa kazi hiyo. Ukiahirisha, gari kwa nje linaendelea kung'aa, picha zinatoka vizuri tu, lakini waliomo ndani wanajua. Mkeo anajua, watoto wanajua.

Amri ya Kanisa inatutaka tuungame angalau mara moja kwa mwaka. Ni kiwango cha chini kabisa. Jaribu kukaa na tangi lile mwaka mzima uone.

Wasafiri wa Dempster wakifika Inuvik, matope mpaka kwenye vioo, wanakuta Kanisa Katoliki la mviringo, jeupe, lenye umbo la nyumba ya theluji: Kanisa la Mama Yetu wa Ushindi. Lilisanifiwa na mmisionari, Bruda Maurice Larocque, likakamilika 1960. Ndani, picha za Njia ya Msalaba zilichorwa na Mona Thrasher, Minuvialuit, akiwa bado kijana kama ninyi. Wakati huo barabara ya Dempster ilikuwa haijafika Inuvik, ilifunguliwa 1979. Meza ilishaandaliwa miaka kama ishirini kabla ya hao wasafiri kutokea.

Jumamosi hii, nenda parokia iliyo karibu na unapoishi sasa, usingoje ile ya nyumbani, usome kwenye ubao wa matangazo saa za kitubio. Kama hazijaandikwa, muulize katekista.