Baridi ya Taif

Husimuliwa kwamba Taif ilikuwa kipande cha Sham, ikang'olewa na Malaika ikawekwa Hijazi kwa dua ya Nabii Ibrahim (A.S.), ndipo ikawa na baridi, zabibu na makomamanga. Kisa hiki hakimo katika Qur'ani, wala hatukihitaji. Makka iko kadiri ya mita 300 juu ya bahari. Taif, mlimani, kadiri ya mita 1,800. Hewa ipandapo hutanuka ikapoa, na kila mita 1,000 joto hupungua kiasi cha digrii 6. Kanuni hiyo kaiweka Mwenyezi Mungu, nayo yatosha kuwa ishara ya uweza Wake. Anayeitetea dini kwa hekaya huifungulia mlango wa kukanushwa. Basi tuwasomeshe watoto wetu ishara hizi.