SAFARI HUISHIA WAPI? NASAHA KWA ALIYERUDI KWA AHALI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeidhalilisha ardhi ili waja wake waitembee na kutafuta riziki yake, na akazijaalia nyumba kuwa mahali pa utulivu kwa wenyewe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad:

Watu wa mwambao ni watu wa safari tangu zama za kale. Wazee walikwenda na kusi na kurudi na kaskazi, wakafika Aden, Hadhramaut na Maskati. Baada ya mwaka 1970 wengi wa Unguja na Pemba walihamia Oman. Na leo vijana hupanda ndege wakaenda kutafuta katika nchi za Ghuba na za Ulaya. Sharia haikukataza safari ya halali. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, aliifananisha safari na sehemu ya adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, kisha akaamuru kwamba mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa ahali yake.

Basi wako watu waliokwisha rejea kwa miili yao, na safari yao haijesha.

Mfano wao ni mtu aliyekaa ng'ambo miaka tisa. Amerudi na masanduku na uturi na halua, na watu wamejaa barazani kumpa mkono. Mwezi wa kwanza ni furaha. Mwezi wa pili huanza kuona taabu: paa lavuja, maji ya kisima yana chumvi, wazee wana maneno mengi. Kila aulizwapo jambo, husema, "Kwetu Maskati hatufanyi hivi." Mkewe, aliyeshona kofia usiku kwa mwanga mdogo ili watoto wapate kula, humwandalia kama aandaliwavyo mgeni. Ndugu yake mdogo, aliyepandisha makuti juu ya nyumba na kumuuguza mama yao, humwachia nafasi ya mbele, akanyamaza. Na mtoto mdogo, aliyemwacha tumboni, humuuliza mamake kwa siri, "Mama, yule mgeni ataondoka lini?"

Swali la mtoto huyu lataka jawabu, na jawabu lake limo katika vitabu vya fikihi.

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wameeleza wazi mwisho wa safari. Msafiri wa safari ndefu ya halali ameruhusiwa kupunguza sala ya rakaa 4 ikawa 2, na kukusanya sala, na kufungua mwezi wa Ramadhani. Ruhusa hizo zina mpaka. Afikapo katika mji wake anaokaa, zimekwisha, ajapokuwa bado ana vumbi la njiani. Lakini aingiaye mji wenye jamaa zake, hali haukai wala hakunuia kukaa, yeye hubaki msafiri. Mtume (s.a.w.) alizaliwa Makka, hata hivyo alipoifungua mwaka wa 8 wa Hijra, na alipokwenda kuhiji mwaka wa 10, alipunguza sala humo, kwani makao yake yalikuwa Madina. Basi kuzaliwa mahali, na kuwa na jamaa hapo, hakumtoshi mtu kuwa mwenyeji. Ni lazima akae, na moyo wake ukae.

Hukumu hiyo ni ya sala, lakini mwenye akili huzingatia. Msafiri hupunguza, mwenyeji hutimiza. Aliyefika kwake, kisha akaendelea kupunguza haki za watu wa nyumbani kwa udhuru wa ugeni, amejipa ruhusa ambayo Sharia haikumpa.

Na haki zenyewe ni hizi:

Kwanza, aanze kwa Mola wake. Ka'ab bin Malik amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) arudipo safarini alikuwa akianza msikitini, akasali rakaa 2, kisha akakaa na watu. Na alikataza mtu kuwaingilia ahali yake usiku kwa ghafula baada ya kughibu muda mrefu, ili mke apate kujitengeneza. Leo kupeleka habari kwa simu kwatosha kuiondoa ghafula hiyo.

Pili, alipe deni la mkewe. Nafaka ya mke mtiifu, katika madhehebu ya Shafii, haianguki kwa kupita siku. Kila siku isiyolipwa ni deni katika dhima ya mume: mudi 2 za chakula cha mji kwa mwenye wasaa, mudi moja na nusu kwa wa kati, mudi moja kwa mwenye dhiki, pamoja na kitoweo na mavazi yake. Aliyekata nafaka miaka miwili, kisha akaleta chupa ya uturi, ameleta zawadi. Deni liko pale pale, mpaka alilipe au mke amsamehe kwa radhi yake, pasipo kutishwa wala kuonewa haya. Na akae naye amuulize, kwani wengi husamehe kwa ulimi na moyo ungali unadai.

Tatu, wazazi. Hapa pana jambo la kutisha. Nafaka ya wazazi iliyopita, ila kadhi awe ameamrisha ikopwe, haiwi deni kama ya mke; siku ikipita imepita. Mjinga hufurahi kwamba hadaiwi. Mwenye busara hulia, kwa sababu deni hulipika, na siku ya mama iliyopita hailipiki. Akiwakuta hai, asiseme "kesho". Akiwakuta wamekwisha fariki, awaombee dua, azuru makaburi yao, na awaunge marafiki zao, kwani imepokewa na Muslim kwa Ibn Umar kwamba kuwaunga watu aliowapenda baba ni katika wema mkubwa.

Nne, ndugu aliyebaki. Huyo ndiye aliyeishika nyumba. Asinyang'anywe usemi kwa sababu ya fedha za ng'ambo. Aliyerudi na amtake shauri, amshukuru mbele za watu, na apande naye juu ya paa.

Tano, watoto. Baba hawi baba kwa masanduku. Na amshike mwanawe mkono ampeleke chuoni asubuhi, amsikilize alifu zake, ale naye sinia moja. Ataanza kwa kukimbiwa. Asikasirike, avute subira. Miaka tisa haifutiki kwa wiki moja.

Mwenye kuyafanya haya, safari yake imekwisha, na mtoto hatauliza tena mgeni ataondoka lini. Na asiyeyafanya, hata akifa katika kitanda cha babake, amekufa safarini.

Ewe Mola, warejeze walioghibu kwa salama, uwape walio nyumbani moyo wa kuwapokea, na utujaalie sote tutimize haki kabla ya safari isiyo na marejeo. Amin.

Wabillahi ttaufiki.